Sura ya Saba: Kitanga cha Ndago Mbichi

Nikutegee kwanza, nawe ujibu kimoyomoyo. Ninaye mtoto, alipokuwa mdogo alipumulia mkia. Alipokua akavua nguo zake zote, akazitundika kwenye jani, akaenda zake, na hata leo hajarudi kuzichukua. Ni nani huyo?

Kama hujapata, usinipe mji bado, twende pamoja. Sajenti Fides Simbeye naye hakuwa amepata, na kutegua ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Ijumaa asubuhi, malori yakiwa yamejipanga kuelekea mpakani kama ilivyo ada yake, Fides alikuwa ameketi katika chumba cha upelelezi mjini Tunduma. Mezani palikuwa na viberiti, na ng'ambo ya meza alikaa mwenye viberiti. Jina lake Jairo, mchuuzi wa vitenge, mwenye shangazi kule Nakonde na maneno ya pande zote mbili mdomoni. Alikamatwa akivuka na viberiti hivyo ndani ya robota la vitenge. Askari wa mpakani walipovifungua hawakukuta njiti. Walikuta kereng'ende waliokauka.

Siku nyingine Jairo angekemewa akaachiwa aende zake. Lakini wiki hiyo kereng'ende walikuwa jambo la polisi. Kule Ibaba, katika milima ya Ileje, kuna kijito kinachotoka ndani ya kipande cha msitu, na juu ya kijito hicho huishi kereng'ende mmoja mwembamba ambaye wataalamu hawajamwona penginepo. Kwa ajili yake kijiji kilikubali kuuwekea msitu ule mpaka: hakuna kukata mti, hakuna kubeba kitu kutoka ndani, hata kijiti cha kuchokonolea meno. Jumanne walikuja wageni wa ofisini kumwona kwa macho yao ili hifadhi ithibitishwe. Walikaa kijitoni hadi jua likasimama, hawakumwona hata mmoja. Wakasema kama mdudu hayupo, hifadhi ni ya nini.

Alhamisi mlinzi wa msitu huo, Lwitiko Kibona, akawekwa mahabusu Itumba. Chupa ya sumu ya wadudu ilikuwa imeokotwa katika shamba lake la viazi juu ya kijito, na maji ya kijito hicho ndiyo kijiji kizima kinakunywa. Jumatatu angepandishwa mahakamani. Sumu katika maji ya watu si kesi ya mchezo. Anayetiwa hatiani kwa kesi hiyo hurudi nyumbani kichwa kikiwa cheupe, kama anarudi.

Basi Fides akachukua lenzi na simu. Upande wa pili wa simu alikuwa Daktari Sebastian, mtaalamu wa wadudu, yule aliyemgundua kereng'ende wa Ibaba. Jumanne alikuwa kitandani na malaria, hakuweza kuongozana na wageni, na jambo hilo lilikuwa linamuuma kuliko malaria yenyewe.

"Tazama macho," alisema Sebastian. "Yamegusana juu ya kichwa au yamekaa mbalimbali?"

"Yamegusana."

"Huyo si wetu. Wetu macho yake yako pembeni kabisa, kama kichwa cha nyundo. Na akitua hufunga mabawa mgongoni. Hao wengine huyatandaza."

Fides akafungua viberiti vyote, kimoja baada ya kimoja. Macho ya wote yalikuwa yamegusana. Jairo, aliyekuwa akifuatilia kila neno, alijinyoosha kwenye kiti.

"Awe, mayo, hapana mama, si nilisema? Hawa nimewaokota chini ya taa za kituo cha mafuta."

Wa nini, aliulizwa. Alieleza kwamba ng'ambo kuna mganga anayewasaga, ukipaka unga wake dukani wateja wanakuja wakivuma. Fides akamuuliza kama yeye mwenyewe huutumia.

"Ningekuwa nautumia," Jairo alisema, "wateja wangekuwa wao ndio wanaonifuata, siyo polisi."

Njia hiyo ikafungwa hapo. Fides aliandika maelezo ya Jairo, akamwachia askari wa zamu ammalizie, akachukua koti lake zito na kupanda gari la kwenda Itumba.

*

Mkuu wa kituo cha Itumba alimpokea kwa chai na malalamiko. Alisema hajapata kuwa na mahabusu mwenye adabu kama huyu, na hajapata kuwa na mahabusu msumbufu kama huyu. Anajibu kila kitu, isipokuwa jambo moja. Na kwa jambo hilo moja, jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka Jumatatu.

Lwitiko aliletwa. Mtu mrefu, mikono ya jembe, kofia ameikunja mkononi. Fides alimpitisha katika maelezo yake tangu mwanzo, na majibu yalitoka bila kukwama. Chupa ni yake, ya dawa ya viazi. Alipulizia wiki kadhaa nyuma. Bomba aliliosha shambani kwa maji ya ndoo, uchafu akaumwaga kwenye shimo la majivu, hakuosha kijitoni, kwa sababu kijito hicho mwenyewe anakinywa. Jumamosi iliyopita hakuwepo mchana. Alishuka Itumba kutafuta mbegu, na mwenye duka la mbegu anaweza kuulizwa. Alirudi alasiri, akashika njia ya msituni.

Hapo ndipo Fides alipoegemea mbele. Askari waliokagua Jumatano walikuta nyayo za viatu vyake zimeacha njia ghafla, zimeingia kichakani, zimesimama huko, kisha zimerudi njiani mbele kidogo. Nyayo za mtu anayejificha.

"Kwa nini uliacha njia?"

"Nilimpisha mtu."

"Nani?"

Lwitiko aliitazama kofia yake. "Uliza lingine, afande."

"Ninalo hilohilo. Ulimpisha nani?"

"Basi andika kwamba Lwitiko hakujibu."

Fides alimweleza maana yake, taratibu, kama mtu anayehesabia mtoto. Mtu uliyekutana naye njiani huenda ndiye aliyemwaga sumu. Ukimficha, unabeba wewe. Una watoto. Lwitiko alisema anajua ana watoto. Hakuwa mkali wala hakutetemeka. Alikuwa amejifunga tu, kama mlango ambao ufunguo wake hauko ndani ya nyumba.

Hapo mke wa Lwitiko akafika na chakula. Eva alikuwa ameteremka kwa miguu kutoka Ibaba kabla ya kupata gari, kanga imelowa ukungu. Utaratibu wa mahabusu ni kwamba mleta chakula aonje kwanza na askari akague chombo, kwa hiyo Fides mwenyewe alifunua chungu. Kilikuwa kimefunikwa kwa kitanga cha mviringo kilichosukwa, kipya, bado kijani. Unyuzi mmoja ulikuwa umechomoza pembeni. Fides aliusugua kati ya vidole viwili. Haukuviringika. Ulikuwa na kingo, moja, mbili, tatu.

"Kizuri," alisema. "Kimesukwa na nani?"

"Mama," alijibu Eva.

"Mama yako mzazi?"

"Ndiyo, afande." Na Eva akainama kufunga upya kanga ambayo haikuwa imefunguka.

Fides alimpa Lwitiko chungu na kitanga. Sasa angalia alichofanya mtu yule. Chungu alikiweka sakafuni, ndipo mahali pa chungu. Lakini kitanga alikipokea kwa mikono miwili, akanyanyuka, akakiweka juu kabisa kwenye kizingiti cha dirisha, halafu akakaa kula akiwa amekipa mgongo. Fides aliuchomoa ule unyuzi kabla Eva hajaondoka, akautia ndani ya bahasha na kuandika juu yake tarehe na mahali.

*

Jumamosi asubuhi ukungu wa Ibaba ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Sebastian alikuwa amefika, amekonda kwa malaria, wavu mkononi, buti hadi magotini. Waliingia msituni wakipita penye kibao cha mpaka. Njia ilikuwa imefagiwa. Fides aliliona hilo na kuliweka akilini: nani hufagia njia ya msituni?

Sebastian alikuwa akizungumza bila kukoma, kama mtu anayempeleka mgeni kumwona mwanawe. Walipotokea kijitoni akanyamaza katikati ya neno.

Maji yalikuwa yanang'aa juani. Kingo zote mbili zilikuwa tupu, udongo mwekundu umesawazishwa, mawe ya kukanyagia yamepangwa vizuri. Juu, matawi yaliyoinamia maji yalikuwa yamekatwa, na mwanga ulishuka hadi chini.

"Hapa sipo," alisema Sebastian.

"Ndipo. Kibao hicho hapo."

"Ndago zangu ziko wapi?"

Fides alimwacha atembee ukingoni, yeye mwenyewe akavua viatu, akakunja suruali na kuingia majini. Maji ya Ibaba hayana urafiki na mtu. Aliinua jiwe la kwanza. Kaa akakimbia upandeupande. Jiwe la pili, kaa mwingine, na huyu akajaribu kumfinya. Penye kona ya maji tulivu viluwiluwi vilikuwa vimejaa kama kunde zilizomwagika. Akajaza chupa safi maji, akaifunga, akaandika, kwa sababu mahakama haipendi macho ya mtu peke yake. Kisha akamwita Sebastian, akamsomea jina la dawa iliyokuwa kwenye chupa ya Lwitiko.

"Dawa hii ikimwagwa hapa, kaa anakufa kabla ya kereng'ende au baada yake?"

"Kaa ndiye wa kwanza," alisema Sebastian. "Kaa na viluwiluwi. Kereng'ende mkubwa yuko hewani, hata maji yakiwa sumu angekuwepo siku mbili tatu akirukaruka."

"Hawa kaa ni wazima. Tena wana hasira."

"Basi hapakuwa na sumu."

"Hapakuwa na sumu. Sasa nieleze kilichokuwepo."

Sebastian alikaa juu ya jiwe la kukanyagia na kueleza, na mimi nakueleza wewe kwa ufupi. Jike la kereng'ende huyu halitupi mayai majini ovyo kama mengine. Lina kitu kama sindano nyuma ya mkia. Hutua juu ya shina la ndago lililo hai, linatoboa, linaweka yai ndani, linashuka kidogo, linatoboa tena. Ndago ndiyo tumbo la pili. Yai likianguliwa hutoka tunutu, mdudu mdogo wa majini asiye na mabawa, ambaye hujishikiza kwenye mizizi ya ndago hizohizo na kupumua kwa vijani vitatu vilivyo mwisho wa mkia wake. Akikomaa hupanda juu ya shina, ngozi yake inapasuka mgongoni, anatoka kereng'ende, na ngozi inabaki imening'inia palepale.

Umekwisha kutegua? Basi mji ni wako, ukae nao vizuri.

"Na wakubwa waliokuwa wanaruka?" aliuliza Fides.

"Wanataka kivuli na pa kutua. Ukiwaondolea vyote viwili wanatawanyika, ndege wanawala. Anayeishi muda mrefu huishi wiki chache tu. Kilichobeba kesho yao kilikuwa ndani ya ndago."

Fides aliinama ukingoni. Nyingi zilikuwa zimeng'olewa na mizizi yake, mashimo bado yanaonekana, lakini hapa na pale kisiki kilibaki kimekatwa kwa mundu. Alikichomoa kimoja, akakisugua kati ya vidole. Hakikuviringika. Kingo tatu. Akatoa bahasha, akauweka unyuzi wa Itumba kando ya kisiki, akampa Sebastian lenzi.

"Ni hizi," alisema Sebastian. "Ndago za aina hii hazioti kule chini, zinataka maji baridi. Umezipata wapi?"

"Juu ya chungu cha maharage," alisema Fides.

Sebastian akauliza kama basi kesi imekwisha, maana hapana sumu. Fides akamwambia kwake yeye imekwisha, kwa Lwitiko bado. Maji yale yatafika kwa mkemia katikati ya wiki ijayo, na mahakama ni Jumatatu. Mkuu wa kituo hatauliza habari za kaa. Atauliza kwa nini mtu asiye na kosa anakataa kutaja jina.

*

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Conjesta, mama mnene mwenye sauti ya kuitia mkutano. Walimkuta uani kwake anachagua mbegu za viazi, nzima huku, zenye doa kule. Aliwapa vigoda. Fides hakuzunguka.

"Mwenyekiti, nani alifyeka kijito?"

"Kufyeka?" Conjesta alishangaa kwa dhati. "Hatukufyeka, afande. Tulisafisha."

Na akaeleza, bila kificho, kwa kuwa hapo bado alikuwa anaeleza jambo la sifa. Ujumbe ulikuja kwamba Jumanne wageni watakuja kukiona kijito. Mgeni akija kuona kisima chako utamwonyesha majani? Ukoo wako utasemwaje? Wakaitana msaragambo Jumamosi asubuhi. Kila kaya ilileta mundu au jembe. Wakang'oa ndago, wakapunguza matawi ili mwanga uingie, wakapanga mawe ili wageni wasiloweshe viatu, na kina mama wakafagia njia. Kazi ilikwisha kabla ya alasiri. Lwitiko mwenyewe hakuwepo, alikuwa kashuka kutafuta mbegu. Na wageni walipokuja, hawakusifu? Walisema hawajaona kijito kisafi kama hiki katika wilaya nzima.

Sebastian aliweka uso wake ndani ya viganja. Ujumbe ule alikuwa ameutuma yeye.

"Mbona hamkuwaambia polisi?" aliuliza Fides.

"Polisi waliuliza nani ameharibu kijito." Conjesta aligeuza kiazi mkononi. "Tukatafuta aliyeharibu. Hatukujitafuta sisi."

Ndipo Sebastian akamweleza habari ya ndago na mayai. Alieleza kwa upole, lakini upole hauondoi jambo. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba siku walipomchukua Lwitiko lilianza kumjia wazo kama hilo, akalifukuza. Aliogopa polisi watabeba kitongoji kizima, hata wanaonyonyesha.

"Hakuna kosa la jinai katika kumfagilia mgeni," alisema Fides. "Ndago mlizipeleka wapi?"

"Tulichoma."

"Zote?"

"Moshi ulikuwa mwingi, sikuona zote."

Fides akaweka ule unyuzi juu ya goti la mwenyekiti. "Hii moshi haukuipata."

Conjesta aliutazama. Viazi vilikaa bila mchaguzi. "Afande," alisema, "yapo maswali ya mwenyekiti, nitayajibu. Hilo la mzigo uliotoka msituni lina mwenyewe. Kamuulize palipo na mfereji wa mianzi. Na ukifika, usiingie kwake na buti."

*

Walipokuwa wakipanda, Fides aliyapanga mambo kwa sauti ili Sebastian amsahihishe. Lwitiko anarudi alasiri. Hajui lililofanyika. Mbele yake mtu anatoka msituni, amebeba mzigo wa ndago ambao mlinzi angepaswa kuuzuia, kwa kuwa hakuna kitu kinachotoka ndani ya mpaka. Badala ya kuuzuia, mlinzi anaingia kichakani.

"Anaogopa?" aliuliza Sebastian.

"Kitanga alikiweka juu, akakipa mgongo. Huo si woga, Daktari. Umeoa wewe?"

Sebastian alisema ameoa Dodoma, na mama mkwe wake humpigia simu kila Jumapili kumuuliza kama anakula. Fides akacheka kidogo. Huku milimani, kwa wanaoshika ya zamani, mwanamume akikutana njiani na mama mkwe wake huacha njia. Hamtazami usoni. Jina lake halipiti kinywani mwake mbele za watu, sembuse mbele ya polisi. Lwitiko angetaja kufyekwa kwa kijito, angeulizwa ndago zilikwenda wapi. Angetaja zilikokwenda, angekuwa amemkamatisha mzazi wa mke wake. Kwa hiyo alimeza mwanzo ili asitapike mwisho.

"Basi umeshajua," alisema Sebastian. "Mwambie mkuu wa kituo."

"Nitamwambia nini, nimeota kitanga? Nahitaji maelezo. Lwitiko hatayatoa hata mkimchemsha. Na huyu anayebaki, akikana, Jumatatu ni ileile."

Nyumba ilikuwa ukingoni mwa mteremko. Maji yalikuja kutoka chemchemi ya juu kwa mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa, yakamwagika katika hori la gogo lililochongwa, yakafurika na kwenda bustanini. Ndani ya hori ndago zilikuwa zimesimamishwa wima na mizizi yake, kijani kama hazijui kilichotokea. Chini ya upenu bibi mmoja mwembamba alikuwa anasuka. Huyu ndiye Nesta, mama mzazi wa Eva. Haziachi zikauke ndago zake, huzitoa majini moja moja kadiri mkono unavyohitaji. Wengine husuka kavu, yeye husema kavu hukatika na kumtukana msukaji.

Fides alivua buti langoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwa ajili ya ndago." Halikuwa swali. "Zichukueni. Niliona zinachomwa bure, nikabeba mzigo mmoja. Najua mpaka uko, nami nilinyoosha kidole kuukubali."

Fides akamjibu kwamba kubeba ndago ni kosa la kijiji na litakwisha kijijini, tena mwenyekiti wake hana pa kuanzia kumsema. Hakuja kwa ajili ya hilo. Nesta akaendelea kusuka, lakini mkono ulipunguza mwendo.

Sebastian alikuwa ameshafika kwenye hori. Alipiga magoti. Halafu akaita kwa mnong'ono, afande, afande, kama mtu aliyeona nyoka au mtoto mchanga.

Juu ya shina moja, kimo cha shubiri moja kutoka majini, kilining'inia kigamba kikavu, chepesi, chenye miguu sita na mpasuko mgongoni. Kando yake kingine. Na kwenye shina la tatu alikaa mwenyewe, ametoka sasa hivi, mweupemweupe, bado rangi haijamwingia, mabawa ameyafunga mgongoni. Macho pembeni, kama kichwa cha nyundo. Chini, kwenye mizizi, vitu vidogo vyenye vijani vitatu mkiani vilikuwa vinatikisika katika maji yanayopita.

"Walikuja na mizizi," alisema Sebastian. "Na mayai yatakuwa ndani ya mashina. Maji haya ni yaleyale, baridi ileile. Tunaweza kuzirudisha ukingoni, tupande upya, tuweke kivuli cha majani hadi matawi yachipue. Afande, wapo."

"Usimpulizie," alisema Fides. "Utamwangusha."

Alipiga picha, kigamba kimoja akakitia ndani ya bahasha. Kisha akarudi upenuni, akaketi chini kwenye udongo, mbele ya Nesta, ili macho yao yawe usawa mmoja. Alimwambia kwamba wadudu walioitwa wamekufa wako ndani ya hori lake, na kwamba kama mzigo ule ungechomwa pamoja na mingine, leo pasingekuwa na kitu cha kuhifadhi. Nesta alisema hakujua. Alitaka tu kusuka vitanga.

"Anakula?" aliuliza baadaye. Hakumtaja anayekula.

"Anakula. Kitanga chako hajakiweka chini hata mara moja. Analala kwenye sementi, kitanga kiko dirishani."

Mkono wa Nesta ukasimama kabisa.

"Ataondoka pale kwa jibu moja tu, mama. Yeye halitoi, na mimi simlaumu. Mwenyekiti halitoi. Nimelibeba swali hili tangu jana kutoka Itumba." Fides alifungua karatasi ya maelezo juu ya goti lake, akachomoa kalamu. "Jumamosi ile, kwenye njia ya msituni, Lwitiko alimpisha nani?"

Nesta alitazama hori, mahali ambapo yule mweupe alikuwa anaanza kufungua mabawa yake na kuyafunga tena. Ukungu ulikuwa umeshainuka kwenye viazi. Alifunga nyuzi alizokuwa akisuka kwa fundo, ili zisifumuke, akaziweka kando.

"Mzigo ulikuwa umenifunika uso," alisema. "Nilimwona kwa miguu yake tu, anatoka njiani. Mkwe mwema huyo, nikapita. Andika, mwanangu. Alinipisha mimi."